Wajane Waliorukwa na Daftari la Kikundi

Somo la kujifunza pamoja: Matendo ya Mitume 6:1–7, 1 Wakorintho 14:26–40, Kutoka 18:13–27, 2 Wakorintho 8:16–21



Somo hili linataka vitu viwili mezani: Biblia, na daftari la kikundi chenu, lile la majina na michango. Mmoja asome kwa sauti Matendo ya Mitume sura ya 6, mstari wa 1 mpaka wa 7. Asome polepole. Kama kuna mama au mzee anayesikia lugha ya kwao vizuri kuliko Kiswahili, asomewe tena kwa lugha hiyo. Msiendelee mbele kabla kila mtu hajaelewa ni nani alinyimwa nini.

Watu wengi wakiulizwa habari ya utaratibu na uongozi katika kanisa huanza na vyeo: askofu, mchungaji, wazee wa kanisa, mashemasi, mwenyekiti wa akina mama, nani aketi mbele na nani aombe wa kwanza. Luka, aliyeandika Matendo, anaanza kwingine. Anaanza na sufuria ya chakula na watu wanaonung'unika.

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa changa. Watu walikuwa wameuza mali zao wakatia katika mfuko mmoja, na mwenye shida akasaidiwa kutoka mfuko ule. Lakini ndani yake mlikuwa na watu wa namna mbili. Wote walikuwa Wayahudi, na wote walikuwa wamemwamini Yesu. Wengine walikuwa wenyeji, wakisema lugha ya nyumbani; hao ndio Waebrania. Wengine walikuwa wamezaliwa au kuishi ng'ambo, na lugha yao ilikuwa Kiyunani. Wajane wa hawa wa pili ndio waliokuwa katika taabu. Mume amekufa, ndugu wengi wako mbali, lugha ya sokoni inawasumbua, na kila siku chakula kikigawiwa wao wanarukwa.

Luka hasemi kwamba palikuwa na mwizi. Hebu mtazame tena mstari wa 1. Hakuna jina la mtu aliyekula chakula cha wajane. Pengine hakuna aliyekusudia mabaya. Anayegawa anaanza na milango anayoijua, na mlango wa shangazi yake anaujua hata gizani. Akifika mwisho, sufuria imekwisha. Kesho vivyo hivyo. Baada ya miezi michache utaona ya kwamba wanaokosa ni wale wale siku zote, na wote ni watu wa lugha moja. Hapo hata kama hakuna mwizi, kuna dhuluma.

Sisi wa Nakuru na sehemu hizi za kati za Bonde la Ufa hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba makubwa ya walowezi yaligawanywa, mengine yakanunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi, na watu wakaja kutoka pande nyingi. Ndiyo sababu katika Molo, Njoro, Elburgon, Kuresoi, Subukia, Bahati na Rongai utapata kanisa moja dogo la mabati lenye watu wa lugha tatu au nne. Wakati wa amani hilo ni baraka, nyimbo zinaimbwa kwa lugha zote. Lakini tunajua pia mwaka 1992 ulivyokuwa huko Molo, na Januari 1998 huko Njoro, na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika nchi nzima katika fujo zile za mwisho. Uwanja wa Maonyesho na uwanja wa Afraha mjini Nakuru vilijaa familia zenye magodoro na watoto.

Mahali kama hapo ndipo Matendo 6 inasomeka kama barua iliyoandikwa jana. Unga umefika, blanketi zimefika. Nani anaandika orodha? Nani anaita majina, kwa lugha gani? Mwezi Mei 2008 Serikali ilianza Operesheni Rudi Nyumbani, na familia zilizofukuzwa zikaahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Malalamiko juu ya orodha yalikuwa mengi: huyu hakupoteza kitu na jina lake limo, yule alichomewa nyumba na jina lake halimo. Waliokuwa kambini siku zile wanakumbuka uzito wa kalamu iliyo mkononi mwa mtu mmoja.

Na kanisa lenyewe? Mwezi Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, yaani NCCK, lilikiri mbele ya watu ya kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wamechukua pande, na kwa sababu hiyo walishindwa kusimama imara wakati wa hatari. Lilikuwa neno gumu kutamkwa na wachungaji, na mimi naona lilikuwa mojawapo ya maneno ya maana waliyosema mwaka ule. Maana kiongozi wa kanisa akishajulikana kuwa ni wa upande fulani, hata akigawa unga sawasawa kwa kipimo cha gorogoro, nusu ya watu hawatamwamini.

Sasa turudi Yerusalemu tuone mitume walifanya nini.

Kwanza, hawakukana. Wangeweza kusema manung'uniko ni kazi ya Shetani na watu waende kufunga na kuomba. Wangeweza kusema ati hawa mama ni wageni, washukuru kwa wanachopata. Hawakusema hivyo. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, si kamati peke yake, na jambo likasemwa mbele ya wote.

Kisha wakakiri kwamba kazi imewazidi. Hapa watu wengi husoma vibaya. Wanasema mitume waliona kugawa chakula ni kazi duni, haifai mtu wa Mungu. Lakini katika lugha ya Kiyunani ambayo Luka aliandikia, neno la huduma ya kila siku ya chakula katika mstari wa 1, na neno la huduma ya kuhubiri katika mstari wa 4, ni neno lile lile moja. Ni huduma mbili, na kila moja inataka mtu wake. Ndiyo sababu waliotafutwa kwa kazi ya sufuria walipewa masharti mazito: washuhudiwe vizuri na watu, wawe na Roho, wawe na hekima. Angalieni, hawakusema wawe wenye mali wala wenye sauti kubwa. Na mtu wa kuombea wagonjwa si lazima awe ndiye wa kupima mahindi, ingawa huyu wa mahindi naye anahitaji kuwa mtu wa maombi.

Waliochagua walikuwa watu wenyewe. Mitume walitoa masharti, mkutano ukachagua, mitume wakawaombea na kuwawekea mikono. Mtu asiseme ya kwamba Biblia inataka kiongozi ateuliwe tu kutoka juu. Na asiseme vilevile ya kwamba wingi wa watu unatosha bila masharti. Yote mawili yapo katika mistari hii saba.

Lakini jambo kubwa kuliko yote liko mstari wa 5, mahali ambapo msomaji huharakisha kwa sababu ni majina tu. Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yasomeni tena. Yote saba ni majina ya Kiyunani. Ni kweli kwamba Myahudi mwenyeji aliweza kuwa na jina la Kiyunani; hata kati ya wale Thenashara walikuwapo Filipo na Andrea. Lakini saba kwa saba? Na wa mwisho, Nikolao, alikuwa mtu wa Antiokia aliyeingia dini ya Kiyahudi baadaye, hakuzaliwa Myahudi kabisa. Inaonekana wazi kwamba mkutano, ambao wengi wake walikuwa Waebrania, uliukabidhi ule mfuko wote kwa watu wa upande uliokuwa ukilalamika. Hawakuwapa nafasi mbili za kuwanyamazisha. Hawakusema wenyeji wanne na wageni watatu. Waliwapa sufuria nzima, pamoja na chakula cha wajane wa Waebrania ndani yake.

Fikirini jambo hilo katika kijiji chenu. Kikundi kina wanachama 25, na 20 ni wa kabila moja. Wale watano wananong'ona kwamba zamu ya mzunguko haiwafikii, kwamba miche ilipoletwa wao walipata ile iliyokauka. Mkutano unafanyika, na wale 20 wanasema: Basi, mweka hazina na karani watoke kwenu. Ni wangapi kati yetu wangeweza kusema hivyo? Ingekuwa rahisi zaidi kuwapa kiti cha naibu wa naibu. Lakini mstari wa 7 unaonyesha matokeo: neno likaenea, hesabu ya wanafunzi ikaongezeka sana, hata makuhani wengi wakaamini. Luka ameweka habari hiyo mara tu baada ya habari ya chakula, na sidhani aliiweka hapo kwa bahati.

Utaratibu ni wa nani?

Kuna mstari mmoja ambao wenyeviti wengi wanaujua kwa moyo, 1 Wakorintho 14:40, pale Paulo anapotaka mambo yote katika ibada yafanyike vizuri na kwa mpango. Ni mstari mzuri. Lakini tumeusikia ukitumiwa kama rungu. Tuseme kuna mkutano wa kikundi, na mama mmoja anasimama.

"Mwenyekiti, mimi nimelipa tangu Machi na jina langu halisomwi."

"Mama, tafadhali tufuate utaratibu. Hilo haliko katika ajenda."

Mama anaketi. Mkutano unafungwa kwa maombi. Kwa daftari, kila kitu kilikwenda sawa.

Sasa someni yanayotangulia mstari ule, kuanzia wa 26. Huko Korintho shida ilikuwa kwamba wenye karama za kuonekana, hasa wale wa kunena kwa lugha, walikuwa wakizungumza wote kwa pamoja, na mtu wa kawaida hakuelewa wala hakupata nafasi. Dawa ya Paulo ni nini? Wasizidi wawili au watatu, wapeane zamu, na wengine wapime yanayosemwa. Na katika mstari wa 30 kuna jambo la ajabu: mtu akiwa anazungumza, na mwenzake aliyeketi akapewa neno, yule aliyesimama anyamaze. Ndiyo, aliyesimama. Utaratibu wa Paulo unamnyamazisha mwenye jukwaa ili aliyeketi asikiwe. Sisi mara nyingi tumeugeuza, tukamfunga mdomo aliyeketi ili mwenye jukwaa aendelee.

Kwa hiyo ajenda ni kitu kizuri, na isomwe mwanzoni mwa mkutano. Lakini iachwe nafasi kabla ya kuifunga, mwenyekiti aulize: kuna neno ambalo halijaandikwa hapa? Aulize na angoje. Watu wetu wa mashambani hawasemi mara moja, hasa wakiwa wachache au wakiwa wageni. Dakika mbili za ukimya si hasara.

Najua kuna mtu atanyosha kidole kwenye mistari ya 34 na 35, inayohusu wanawake kunyamaza katika makutaniko. Vikundi vyetu vingi ni vya akina mama, kwa hiyo tusiipite kimya. Paulo huyo huyo, katika barua hiyo hiyo, sura ya 11 mstari wa 5, anazungumza juu ya wanawake wanaoomba na kutoa unabii kanisani, na hawakatazi. Anaongea tu juu ya namna ya kufunika kichwa. Kwa hiyo hakuwa anawakataza kabisa kufungua midomo. Makanisa yetu hayakubaliani juu ya jambo la kuwawekea wanawake mikono. PCEA ilimweka wakfu mchungaji mwanamke wa kwanza, Nyambura Njoroge, mwaka 1982. Kanisa la Anglikana la Kenya lilipata maaskofu wanawake mwaka 2021. Kanisa Katoliki na mengine yanafundisha vinginevyo, na somo hili halitaamua shauri hilo. Lakini kikundi cha mbuzi wa maziwa si madhabahu. Wala hakuna kanisa linalofundisha ya kwamba mama aliyelipa asiulize risiti yake.

Mzigo wa mtu mmoja

Someni Kutoka 18:13–27. Musa anaketi tangu asubuhi mpaka jioni, na watu wamepanga foleni kumngoja. Yethro mkwewe, ambaye hata si Mwisraeli, ni kuhani wa Midiani, anatazama halafu anamwambia wazi kwamba anavyofanya si vizuri, atachoka yeye na kuwachosha watu. Anamshauri achague watu wa kusimamia maelfu, mamia, hamsini na makumi. Masharti tena: wawe watu wenye uwezo, wamche Mungu, wawe wakweli, na wawe watu wanaochukia kitu kidogo. Ndiyo, kile kitu kidogo tunachokijua. Ushauri huo ni wa zamani sana, na bado hatujaumaliza.

Vijiji vyetu vinajua mpango wa namna hii kwa majina mbalimbali. Wakatoliki wana Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa jambo la kwanza katika kazi yao katika miaka ya 1970. Makanisa mengine yana vikundi vya wilaya na ushirika wa nyumbani. Serikali nayo ilianzisha Nyumba Kumi mwaka 2013 kwa ajili ya usalama. Hesabu ya kumi ina maana. Katika nyumba kumi mtu hawezi kurukwa bila kuonekana. Mjane akiwa mmoja wa watu 300 wa kanisa anapotea; akiwa mmoja wa kumi, jirani atauliza, mbona mama fulani hajapata?

Ubaya ni kwamba mara nyingi tunawagawia watu kazi lakini hatuwagawii uwezo. Kiongozi wa kumi anatumwa kuita watu mkutanoni, kukusanya pesa, kubeba viti. Ikifika kuamua, ni lazima angoje mwenyekiti arudi kutoka Nairobi. Yethro hakusema hivyo. Alisema mambo madogo wayaamue wao wenyewe, na makubwa tu yaletwe kwa Musa.

Pesa za kanisa na za kikundi

Hapa tutakaa kidogo, kwa maana vikundi vingi havivunjiki kwa sababu ya mafundisho. Vinavunjika kwa sababu ya pesa.

Paulo alikusanya mchango mkubwa kutoka makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Hakuna mtu aliyekuwa na jina kubwa kuliko Paulo katika makanisa hayo. Yeye ndiye aliyeyaanzisha mengi. Angeweza kusema, nipeni mimi, mnanijua. Someni 2 Wakorintho 8:16–21 muone alivyofanya. Alimtuma Tito. Pamoja na Tito akamtuma ndugu mwingine anayesifiwa, na huyo hakuchaguliwa na Paulo bali na makanisa yenyewe, asafiri pamoja na mchango. Na Paulo anataja sababu bila kuona haya: hataki mtu apate nafasi ya kuwalaumu kwa habari ya pesa nyingi hivyo, na anataka mambo yawe mema mbele ya Bwana na pia mbele ya wanadamu.

"Mbele ya Mungu dhamiri yangu ni safi" ni neno ambalo mweka hazina fulani hulisema akiulizwa vitabu. Paulo naye alikuwa na dhamiri safi, na bado alitaka shahidi wa kuchaguliwa na wenye pesa. Kwa hiyo mtu akiomba kuona vitabu asiambiwe hana imani. Anaomba kile ambacho mtume alikitoa kabla hajaombwa.

Siku hizi pesa nyingi za vikundi hupita kwa simu. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na imetusaidia sana, mtu halazimiki tena kubeba noti ndani ya matatu mpaka mjini. Lakini imeleta swali jipya: pesa zinaingia katika simu ya nani? Kama ni simu ya mwenyekiti, na pale pale anapokea pesa za maziwa yake na karo ya watoto, hata yeye mwenyewe baada ya miezi sita hawezi kutenganisha. Afadhali akaunti ya kikundi benkini au kwenye SACCO, yenye watu watatu wa kutia sahihi, na hao watatu wasiwe wa nyumba moja. Na ujumbe wa simu usomwe mkutanoni, pamoja na kiasi na tarehe, kisha uandikwe katika daftari. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na katiba. Kama katiba yenu iko ndani ya sanduku la mtu na hakuna aliyewahi kuisoma, iombeni isomwe.

Tuwape moyo pia, si lawama tu. Baadhi ya familia zilizofukuzwa makwao mwaka 2008 ziliunganisha zile pesa kidogo walizopewa wakanunua ardhi pamoja kama kikundi, kwa mfano kule Mai Mahiu, mahali walipopaita Jikaze. Watu waliopoteza kila kitu walimkabidhi mtu shilingi zao za mwisho. Jambo kama hilo haliwezekani pasipo orodha inayosomwa kwa sauti na watu wanaoaminiwa.

Kuchagua na kukabidhi

Wenye umri watakumbuka mlolongo. Mwaka 1986 ilipotangazwa kwamba katika uchaguzi wa mchujo wa KANU watu watapanga foleni nyuma ya mgombea wao, wachungaji waliokutana chini ya NCCK walikataa. Mojawapo ya sababu zao ilikuwa ya kichungaji: mchungaji akisimama nyuma ya mtu mmoja mchana kweupe, atawalishaje kesho wale waliosimama nyuma ya mwingine? Waliousifu mpango huo walisema ni wa wazi, hauna wizi. Mwaka 1988 ulitumika, na watu waliona kwa macho yao foleni fupi ikitangazwa kuwa ndefu.

Nalitaja jambo hilo kwa sababu vikundi vingi bado vinachagua kwa kunyosha mikono, na ni mlolongo ule ule mdogo. Mama anayekopa unga kwa mke wa mwenyekiti atanyosha mkono gani? Kura ya siri si lazima iwe na karatasi. Wasiojua kuandika wanaweza kutumia punje: hindi kwa mmoja, haragwe kwa mwingine, mtu anaingia nyuma ya leso iliyotundikwa, anatia punje moja katika debe, anatoka. Kisha debe linamwagwa juu ya meza na kuhesabiwa mbele ya wote.

Na muda ukiisha? Hesabu 27:15–23 inaonyesha Musa akimwomba Mungu kiongozi mwingine wakati yeye mwenyewe yungali hai. Alimweka Yoshua mbele ya mkutano wote, akampa sehemu ya heshima yake mapema, watu wamzoee. Samweli naye, katika 1 Samweli 12:3–5, alisimama mbele ya watu akauliza amechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, na rushwa ya nani. Watu wakamjibu hakuchukua kitu. Hiyo ndiyo ripoti ya kukabidhi. Lakini msisahau sura ya 8 ya kitabu hicho: wanawe Samweli aliowaweka kuwa waamuzi walikuwa walaji rushwa, ingawa baba yao hakuwa. Mtoto wa mwenyekiti apimwe kwa masharti yale yale kama mtoto wa jirani.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

Gaweni watu katika makundi ya wanne wanne, na msiweke watu wa lugha moja pamoja.

Katika kanisa letu au kikundi chetu, ni watu gani wanaoweza kuitwa wajane wa Wayunani? Semeni hali yao, msitaje majina mpaka wenyewe wakubali.

Mara ya mwisho mtu alipolalamika mkutanoni, alijibiwa nini? Jambo lake liliandikwa katika kumbukumbu, au liliachwa?

Kama tungechagua leo mtu wa kushika mfuko kutoka upande unaolalamika, tungeogopa nini? Kila mmoja aseme hofu yake bila kukatizwa.

Pesa za kikundi ziko wapi jioni hii, na ni watu wangapi waliomo humu wanaoweza kutaja kiasi chake?

Mwisho, karani afungue daftari lililo mezani. Asome majina ya wote waliopokea kitu tangu Januari, iwe zamu ya mzunguko, mbegu, vifaranga au mkopo. Halafu asome majina ya wanachama wote. Majina gani yamesikika mara moja tu?